Hadubini ya shule ya lenzi tatu, imepimwa kwa maji ya Ziwa Victoria

Kwenye maduka ya vifaa vya shule na maabara jijini Mwanza kuna hadubini za aina mbili. Moja ni ya plastiki, nyepesi, boksi lake lina picha ya mtoto na maandishi makubwa ya "mara 1200". Nyingine ni ya chuma, ina lenzi tatu zinazozunguka (4, 10 na 40) na lenzi ya jicho ya 10, kwa hiyo inakuza mara 40, 100 na 400. Hii ya pili ndiyo tunayoitathmini hapa, na kipimo chake si ngozi ya kitunguu wala unywele. Kipimo ni swali moja la biolojia ambalo ziwa letu linaweza kulijibu likiwa ndani ya chupa: kwa nini viumbe vya seli moja, vinavyojitosheleza kwa kila kitu, viligeuka vikaanza kuishi kwa makundi ya seli nyingi?

Safari hiyo haikufanywa mara moja ikaisha. Wanabiolojia wanahesabu zaidi ya mara 20 ambapo koo mbalimbali zilivuka, kila ukoo kwa njia yake: wanyama kivyao, mimea kivyake, kuvu kivyake, mwani wa kahawia, bakteria wa kijani-buluu. Wengine walivuka zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, wengine ni wa juzi tu kwa hesabu za mageuko. Ndiyo maana katika lambo moja la ng'ombe anaweza kuwemo ndugu mwenye seli moja, ndugu mwenye seli 16 na ndugu mwenye seli 2,000, wote wakiogelea maji yale yale. Chombo kinachomwezesha mwalimu wa sekondari kuwaonyesha wanafunzi ndugu hao kwa asubuhi moja kinastahili kupimwa kwa makini.

Jibu letu: hadubini hii inaweza, na tunaipa 4 kati ya 5. Ile alama moja iliyopungua tutaieleza.

Kabla ya kulipa

Soma namba zilizochongwa ubavuni mwa lenzi ya 40. Unatafuta 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Hiyo 0.65 ni uwezo wa lenzi kukusanya mwanga, nayo ndiyo inayoamua utaona nini. Kwa 0.65, nukta mbili zilizoachana kwa nusu mikromita (mikromita 1,000 ni milimita moja) bado zinaonekana mbili. Zikikaribiana zaidi zinakuwa doa moja. Ukizidisha 0.65 kwa 1,000 unapata 650, na hapo ndipo ukuzaji wenye maana unapoishia kwa lenzi hiyo. Ile ya plastiki inayotangaza 1200 kwa lenzi duni inakukuzia ukungu.

Namba 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kioo chembamba cha kufunikia slaidi. Ukisahau kukiweka, au ukaweka kipande cha kioo kingine chochote, lenzi ya 40 itatoa picha yenye ukungu hata ikiwa mpya. Hadubini nyingi zinazolaumiwa kuwa na "lenzi mbovu" hazina ubovu wowote. Kasoro iko kwenye kioo.

Kisha chungulia chini ya meza ya slaidi. Pawe na kiwambo cha mwanga, kile kitundu kinachopanuliwa na kufinywa kwa kijiti. Bila hicho usinunue. Seli za ziwani ni karibu uwazi mtupu, na kinachozifanya zionekane ni kufinya kitundu hicho mpaka kingo zao zikolee. Mwisho weka slaidi yoyote, rekebisha picha kwa lenzi ya 40, halafu uiache dakika 5. Ukirudi ukakuta picha imepotea bila mtu kugusa kitu, meza inashuka yenyewe kwa uzito wake. Mwambie muuzaji alete nyingine.

Taa ya LED yenye betri za kuchaji ni bora kuliko ya kuchomeka ukutani tu, maana umeme hukatika katikati ya kipindi. Ya kioo cha kuakisi inafaa pia, lakini elekeza kioo kwenye anga au ukuta mweupe. Ukikielekeza kwenye jua unaharibu jicho.

Utando wa kijani

Chanzo kilicho karibu zaidi ni ziwa lenyewe. Siku za joto na utulivu, pwani ya Ghuba ya Mwanza hupakwa utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Sehemu kubwa ya utando huo mara nyingi ni Microcystis, bakteria wa kijani-buluu ambaye seli yake ina upana wa mikromita 4 au 5 tu, lakini maelfu yake hukaa ndani ya ute mmoja.

Usiingie majini miguu mitupu kuchota, kichocho kipo. Simama kwenye gati au jiwe, tumia ndoo yenye kamba, chota juu juu. Osha mikono baadaye. Utando huu unaweza kuwa na sumu ya ini ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji, kwa hiyo chupa ya sampuli isirudi jikoni.

Weka tone moja kwenye slaidi, funika, anza na lenzi ya 4. Utaona mabonge ya kijani yenye umbo kama mawingu. Kwa lenzi ya 40 kila bonge linagawanyika kuwa chembe za mviringo zenye madoa meusi-meusi ndani. Hayo madoa ni mafungu ya vijimfuko vya hewa. Ute wenyewe hauonekani, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Tafuta wino mweusi wa kuchorea, ule wa masizi, uchanganye robo tone kwenye sampuli. Chembe za masizi haziwezi kupenya ute, kwa hiyo kundi linatokea likiwa na duara jeupe linalolizunguka katikati ya weusi. Wino wa kalamu ya kawaida haufai, kwani ni rangi iliyoyeyuka, nayo inapenya.

Sasa sababu ya kwanza ya kukaa pamoja unaweza kuishika mkononi. Vuta maji ya utando kwenye bomba la sindano la ml 2 lisilo na sindano, toa mapovu yote, ziba mdomo kwa kidole gumba au kizibo, kisha sukuma kwa nguvu zako zote kwa sekunde chache. Shinikizo linavunja vijimfuko vya hewa. Mimina kwenye chupa ndogo uiweke kando ya nyingine ambayo haikubanwa: iliyobanwa inazama, isiyobanwa inaelea. Ikishindikana, mara nyingi kuna povu la hewa lililobaki ndani likala shinikizo lote, au bomba lilikuwa kubwa mno. La ml 10 linahitaji nguvu ambazo mkono hauna.

Kuelea kunahusianaje na kundi? Kasi ya chembe ndogo kupanda au kuzama majini hukua kwa mraba wa upana wake. Chembe yenye upana mara 10, ikiwa na wepesi ule ule, inapanda kwa kasi mara 100. Seli moja ya mikromita 5 inapelekwa popote upepo unapolivuruga ziwa. Kundi la mikromita 400 linauacha mvurugo huo likafika kwenye mwanga, na yeyote aliye chini yake anabaki gizani. Ute unapunguza faida kidogo kwa sababu hauna hewa, lakini hesabu bado inalipendelea kundi.

Kutoliwa

Sababu ya pili ni mdomo wa jirani. Ukitazama tone la ziwa kwa lenzi ya 10 utaona viumbe vinavyochuja maji na kumeza kila kinachopita kooni: rotifa mwenye taji la nywele zinazozunguka, krustasia wadogo (jamaa wa kamba na kaa), na viumbe vya seli moja vyenye mikia vinavyomeza seli nzima. Kila mlaji ana kipimo cha koo lake. Anayezidi kipimo hicho anapona.

Jaribio lililothibitisha hili vizuri zaidi lilichapishwa mwaka 1998. Martin Boraas na wenzake walikuwa na mwani wa seli moja, Chlorella vulgaris, uliokuzwa kwa muda mrefu ukiwa peke yake. Wakamwingiza mlaji wa seli moja, Ochromonas. Ndani ya vizazi visivyofika 100 yalitokea mabonge ya seli makumi hadi mamia, kisha mabonge hayo yakapungua mpaka karibu kila kundi likawa la seli 8. Nane ni kubwa mno kwa koo la Ochromonas, na bado kila seli inagusa maji na kupata chakula chake. Bonge la mia linaokoa pia, ila seli za katikati zinakaa na njaa. Idadi iliyobaki ni ile iliyolipa pande zote mbili.

Mwaka 2019 kundi la Matthew Herron lilitoa matokeo ya Chlamydomonas, mwani wa seli moja, aliyewekwa na mlaji wake, Paramecium. Kwa muda wa vizazi 750, karibu mwaka mzima, nasaba 2 kati ya 5 zilizokuwa na mlaji zilipata maumbo ya seli nyingi. Zile zisizo na mlaji hazikupata hata moja.

Kuna mtego hapa ambao mwalimu lazima auepuke. Scenedesmus, mwani wa kijani anayeonekana kirahisi kwa lenzi ya 40 kama seli 4 au 8 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, akikuzwa peke yake mara nyingi anakuwa seli mojamoja. Mwagie maji yaliyochujwa kutoka chupa yenye viroboto-maji, bila kiroboto hata mmoja, na baada ya siku mbili tatu makundi yanarudi kwa sababu ananusa harufu ya mlaji. Hayo si mageuko. Jeni hazijabadilika, mwani amebadili umbo kama mtu anavyovaa koti. Mageuko ya Chlorella yalikuwa ya kurithiwa. Hadubini inakuonyesha picha ile ile katika hali zote mbili. Njia ya kutofautisha ni kuondoa harufu ya mlaji, kuacha vizazi vingi vipite, kisha kutazama kama kundi bado lipo.

Ngazi ya Volvox

Hapa ndipo hadubini hii inapolipa gharama yake. Usitafute kwenye maji yanayopigwa na mawimbi ya Capri Point; ukoo wa Volvox, mwani wa kijani wenye ndugu wa seli moja hadi maelfu, unapenda maji yaliyotulia yenye rutuba, yaani malambo ya mifugo na majaruba ya mpunga upande wa Misungwi na Kwimba, wiki chache baada ya mvua. Shona soksi ndefu ya nailoni kwenye waya wa duara, funga kichupa chini, kokota taratibu. Nyuzi za soksi zinanasa Volvox lakini zinaachia seli ndogo, kwa hiyo chota pia chupa ya maji yasiyochujwa. Usiijaze mpaka juu na usiiache juani; zikikosa hewa zinakufa kabla hujafika mjini.

Chlamydomonas ni seli moja ya karibu mikromita 10 yenye flajela mbili, yaani mikia ya kuogelea. Flajela ina unene wa robo mikromita, chini ya uwezo wa lenzi hii, lakini ukifinya kiwambo cha mwanga karibu chote utaona kivuli chake ikipiga. Gonium ni seli 8 au 16 kwenye bamba moja bapa. Pandorina ni 16 zilizobanana kama komamanga. Eudorina ni 32 zilizoachana ndani ya duara. Pleodorina wana seli ndogo upande wa mbele zisizozaa. Volvox ni mpira wa nusu milimita au zaidi, unaoonekana kwa jicho tupu kama punje ya kijani inayojiviringisha. Volvox carteri ana seli ndogo takriban 2,000 na seli kubwa za uzazi karibu 16.

Hesabu seli. Kwa wale wadogo utakuta 8, 16 au 32, karibu kamwe si 11 au 20, kwa sababu kila kundi linaanza na seli moja inayokua kisha kugawanyika haraka mara tatu, nne au tano mfululizo. Seli zote za kundi ni ndugu wa damu moja. Ukikuta 13, tafuta iliyojificha nyuma kwa kuzungusha skrubu ndogo polepole.

Volvox hataki kukandamizwa. Kioo cha kufunikia kikimlalia moja kwa moja anapasuka. Paka vaselini kidogo sana kwenye pembe nne za kioo kimsimamie kama miguu ya kitanda, na umtazame kwa lenzi ya 4 na ya 10 tu, maana kwa urefu huo lenzi ya 40 itagonga kioo. Ili asikimbie, chambua nyuzi chache za pamba mbichi uzitandaze kwenye tone; anakwama kati yake akiendelea kujizungusha.

Ndani ya mpira utaona mipira midogo ya kijani. Ni watoto, na kila mmoja ametoka kwenye seli moja kubwa. Zile ndogo 2,000 za nje zinapiga flajela, zinausukuma mpira kwenye mwanga na kukoroga maji yalete virutubisho, kisha zinakufa bila kuzaa. Kwa nini zikubali? Katika ukoo huu, mizizi ya flajela inahitajika pia wakati wa kugawanyika. Seli inayogawanyika haiwezi kuogelea kwa muda mrefu, na kundi lisiloogelea linazama. Eudorina mwenye migawanyiko mitano anavumilia. Kundi kubwa zaidi linahitaji migawanyiko mingi zaidi, na bila baadhi ya seli kubaki kwenye kasia lingezama na uzazi wake. Na kwa kuwa seli ya kasia na seli ya uzazi zina jeni zile zile, jeni za anayekufa zinapita kwa ndugu yake. Jeni moja, regA, ndiyo inayozizuia seli ndogo zisizae. Ikiharibika, zinakua na kuanza kujizalia zenyewe. Jenomu ya Volvox carteri, iliyochapishwa mwaka 2010, ilionyesha kwamba idadi ya jeni zake inakaribiana sana na ya Chlamydomonas. Tofauti kubwa kiasi kile ya umbo haikuhitaji jeni nyingi mpya.

Mgawanyo wa kazi wa namna nyingine uko ziwani kwenu. Katika utando ule ule wa kijani tafuta nyuzi zinazofanana na shanga: huyo ni Anabaena au jamaa yake. Kila baada ya seli 10 hadi 20 hivi kuna moja kubwa kidogo, iliyopauka, yenye ukuta mnene na nukta inayong'aa pale inapoungana na jirani. Hiyo inanasa naitrojeni ya hewa. Kimeng'enya chake huharibiwa na oksijeni, na usanisinuru hutoa oksijeni, kwa hiyo kazi mbili haziwezi kufanyika chumba kimoja kwa wakati mmoja. Seli hiyo imeacha kutoa oksijeni na haitagawanyika tena. Majirani wanailisha sukari.

Hamira, na ile alama iliyopungua

Mwaka 2012 William Ratcliff na wenzake wa Minnesota, Marekani, walichapisha jaribio la hamira, kuvu wa seli moja. Kila siku waliacha chupa zitulie, wakachukua seli zilizozama chini tu kuanzisha chupa mpya. Ndani ya siku 60 koo zote 10 zilikuwa na makundi yenye matawi, kwa sababu seli binti ilishindwa kuachana na seli mama. Jaribio lililoendelezwa Georgia, huko huko Marekani, matokeo yakatoka 2023, lilifikisha makundi makubwa mara 20,000 kuliko ya mwanzo.

Wengi hujaribu hili nyumbani. Kuona hamira ikichipua ni rahisi: ml 250 za maji vuguvugu yaliyochemshwa, kijiko cha chai cha sukari, robo kijiko cha hamira, subiri saa moja, punguza kwa maji mara 10, tumia lenzi ya 40. Kupata makundi ya kurithiwa ni kazi nyingine. Chupa isiyotikiswa kutwa nzima huacha seli zote zizame zenyewe, hivyo anayezama haraka hana faida yoyote. Bakteria wakiingia mchanganyiko unanuka kama uji uliochacha. Hapo anza upya na uchemshe kila chombo. Na hamira nyingi hugandana tu bila kuungana: lundo lisilo na mpangilio ni kugandana, matawi ya mama na binti kama mti ndiyo kuungana.

Alama tuliyoikata ni kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wa lenzi hizi. Vidaraja vyembamba vinavyounganisha seli za Volvox havionekani vizuri. Koanoflajelata, ndugu wa karibu zaidi wa wanyama walio hai, ni wadogo mno. Utaona kitu kikitetema bila kuiona kola yake, ile duara ya nywele inayoizunguka flajela. Kwa hao unahitaji lenzi ya 100 ya mafuta, na baadhi ya hadubini za chuma zina tundu la nne tupu la kuifungia. Ukipata yenye tundu hilo kwa tofauti ndogo ya bei, chukua hiyo.

Unyevu wa kando ya ziwa unaotesha kuvu kwenye lenzi. Hifadhi hadubini ndani ya boksi lenye vifuko vya silika, uvikaushe kwenye joto kila vinapolowa. Na ute wa Microcystis ukikaukia kwenye lenzi ya 40, usiukwangue wala kuupangusa ukiwa mkavu: lowesha karatasi ya lenzi kwa maji safi, iweke juu ya kioo cha lenzi kwa dakika 2, pangusa mara moja kuelekea upande mmoja, kisha rudia kwa karatasi mpya.